Pori Tulivu Lataka Matayarisho

Yapo mapori ambamo simba mmoja huzungukwa na magari kumi, na yapo mengine ambamo wasafiri waweza kushinda kutwa nzima wasikutane na gari lolote. Hifadhi ya Taifa ya Kidepo, iliyoko pembe ya kaskazini-mashariki ya Uganda, mpakani na Sudan Kusini, ni ya aina hii ya pili. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1962, nayo ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,442. Upweke wake ndio utamu wake. Lakini ndiyo hatari yake pia, kwani gari likizama mchangani huenda asipite mtu wa kulivuta mpaka usiku uingie.

Kwa hiyo jambo la kwanza kupangwa ni majira. Kidepo ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza yapata Aprili na kwisha Septemba au Oktoba. Kiangazi kinapokaza, kati ya Desemba na Machi, maji husalia katika vidimbwi vya bonde la Narus, na nyati, tembo na pundamilia hukusanyika hapo. Mto Kidepo wenyewe wakati huo huwa mchanga mtupu, kando yake imesimama mivumo. Anayetafuta wanyama na aelekee Narus. Anayetaka kuuona mto yafaa afuatane na gari la pili, pamoja na askari wa hifadhi anayeijua njia.

Jambo la pili ni akiba, ambayo wahenga walisema haiozi. Petroli ijazwe mjini Kitgum, ya kwenda na ya kurudi. Kila msafiri atengewe lita tano za maji kwa siku, za kunywa na kupikia, kisha iongezwe akiba ya siku moja. Unga, maharage na chumvi vitoke nyumbani, pamoja na chandarua na dawa. Nguo za buluu na nyeusi zisichukuliwe, maana huwavuta mbung'o.

La tatu halina gharama, ila husahauliwa na wengi. Kabla ya kuondoka, mwenye safari amwachie ndugu karatasi yenye njia atakayopita, siku ya kurejea, na namna ya kuuliza habari Apoka, kwenye makao ya hifadhi. Pale ambapo hapana mpitaji, karatasi hiyo ndiyo itakayomtuma mtu kuwatafuta.