Asilimia 95 ya nani?

Tangu mwaka 2015, Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya Uingereza, ilipotangaza kuwa sigara za kielektroniki zina madhara pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko sigara za kawaida, namba hiyo imegeuzwa hirizi. Pungufu kwa nani? Kwa mvutaji wa miaka mingi anayehama, huenda. Lakini kijana wa miaka 15 ambaye hajawahi kuvuta chochote hahami kokote; anaingia, na nikotini inamkuta ubongo ungali unajengeka.

Tena namba yenyewe haikutoka maabara. Ilitegemea makadirio ya jopo dogo la wataalamu, na jarida la Lancet lililaumu msingi huo mwaka uleule.

Wala namba hiyo haihusu mafuta ya bangi yanayovutwa kwa vifaa hivyohivyo. Marekani, hadi Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa maradhi ya mapafu yanayotokana na uvutaji wa sigara za kielektroniki. Waliokufa ni 68. Wengi walivuta mafuta ya bangi, mara nyingi ya magendo. Vitamini E asetati iliyotumiwa kuyachakachua ilikutwa katika majimaji ya mapafu ya wagonjwa 48 kati ya 51 waliochunguzwa. Ukiimeza, haina neno. Ukiivuta ikiwa moto, ni habari nyingine. Sasa huyo anayetuambia ni “mvuke tu” atutajie kwanza kilichomo kichupani.