Utoro Hauanzi Siku ya 90

Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne. Kisingizio cha ada hakipo tena, na madawati bado yamo matupu.

Mtoto asipoonekana shuleni siku 90 mfululizo, huhesabiwa mtoro aliyeacha shule. Twauliza: zile siku 89 nani alimtafuta? Mwalimu alitia alama rejistani akanyamaza. Baba naye atamtafutaje, ilhali mara nyingi ndiye aliyemtuma kuuza gulioni, au kule Rufiji kuamia ndege mpunga unapoiva? Kisha mtoto akirudi hupokewa kwa bakora mbele ya wenziwe, nasi twastaajabu kesho yake haonekani! Ni adabu gani hii, mwana kuchapwa kwa amri ya babaye?

Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango walioacha shule. Vyema, lakini arejeaye baada ya mwaka huwakuta wenziwe wamekwisha vuka darasa.

Bibi anayelea yatima kwa njaa hatumlaumu. Twamlaumu baba mwenye uwezo, na kamati ya shule isiyobisha hodi kwake siku ya tatu.