Sengu kwa Ajili ya Vijana: Wito kwa Wananchi wa Mbinga na Nyasa

Afya ya akili, kwa maana inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, ni hali inayomwezesha mtu kukabili misukosuko ya maisha, kujifunza, kufanya kazi na kuwafaa wenzake. Kwa hiyo haiwahusu wale tu wanaookota makopo barabarani, bali inamgusa kila kijana wa Ukata wilayani Mbinga na wa vijiji vinavyoteremka hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Shirika hilo hukadiria kwamba mmoja kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la aina hii. Mojawapo ya matatizo hayo ni sonona, yaani huzuni au kukata tamaa kunakodumu kwa majuma mawili au zaidi na kumnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kufanya hata yale aliyoyapenda.

Ugumu ni kwamba sonona ya kijana mara nyingi hujitokeza kwa hasira, utoro na pombe, na wazazi, ambao nao wameelemewa na msimu wa kahawa unaoleta fedha mara moja kwa mwaka, huiita jeuri, uvivu au kurogwa. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, aliyefeli husemwa na mtaa mzima, na ni nadra kupatikana mtu wa kumuuliza amelalaje.

Hospitali zipo: Litembo milimani, Liuli ufukweni, ya rufaa ya mkoa mjini Songea, na Mirembe huko Dodoma kwa maradhi mazito. Hata hivyo, nauli ni kubwa na aibu ni kubwa zaidi, hivyo wengi hufikishwa huko hali ikiwa imekwisha kuharibika. Pengo lililopo ni la mtu wa kwanza kusikiliza, na pengo hilo linaweza kuzibwa kijijini.

Wamatengo wa Mbinga walikuwa na sengu, utaratibu ambao watu wa ukoo walikula pamoja, wakafundishana na kuamua mashauri yao. Nao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walipofanya kazi katika kijiji cha Kindimba, waliona kwamba fikra hiyo bado ina uhai wa kutosha kuendeshea shughuli za maendeleo. Isisahaulike, hata hivyo, kwamba sengu ya kale ilikuwa ya wanaume na mwenye kusema alikuwa mzee. Sengu inayohitajika leo sharti iwaingize wasichana na impe kijana nafasi ya kusema kwanza, mzee akisikiliza bila kuhukumu, jambo ambalo kwa wazee wengi litakuwa gumu kuliko kuchanga fedha.

Kwamba wasio madaktari wanaweza kazi hii, ushahidi upo. Nchini Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi kuketi na wenye sonona kwenye benchi karibu na zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo umekwisha kufika Zanzibar na Malawi, ng'ambo tu ya ziwa hili.

Wananchi wanaombwa, basi, wachague katika kila kijiji watu wachache wanaoaminika kutunza siri, wafundishwe na wauguzi wa zahanati, na wajue lini wampeleke kijana hospitalini. Vyama vya msingi vya kahawa vichangie mafunzo hayo na vitenge stoo yenye kufuli kwa viuatilifu, kwa kuwa sumu iliyo mbali na kitanda humpa aliyekata tamaa muda wa kuokolewa; Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali za mashambani, idadi ya wanaojiua ilishuka sana. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, misikiti na walimu wa malezi wawatangazie watoto namba ya simu ya msaada kwa mtoto, 116, inayopigwa bila malipo.

Liko pia suala la sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinamfanya anayejaribu kujiua kuwa mkosaji, na hivyo familia huficha tukio badala ya kutafuta tiba. Mahakama Kuu ya Kenya ilikwisha kutamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba ya nchi hiyo. Wabunge wa Mbinga na Nyasa wabanwe walipeleke jambo hili bungeni.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi yeyote anaweza kuomba ajenda iongezwe. Katika mkutano ujao, ajenda ya sengu ya vijana iombwe, na majina ya wasikilizaji yapendekezwe siku hiyohiyo.