JAMAA NA SHULE: Musumari unaogeuka mwekundu



Mwezi uliopita tuliongea juu ya daftari za watoto, namna mzazi anavyoweza kuzitazama kila jioni hata kama yeye mwenyewe hakusoma sana. Mwezi huu nataka tuongee juu ya maswali yao. Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe nyumbani, na sitaficha haya yangu.

Siku moja ya posho, kijana wangu wa miaka 9 alirudi nyumbani jioni, mifuko ya suruali imejaa majiwe madogo ya rangi ya majani. Nilijua mara moja alikotoka. Alikuwa amefuata wenzake kule mtoni, pahali wachimbaji wanasafisha majiwe yao. Niliinuka kutafuta fimbo. Mama wa watoto akanizuia: «Baba, umusikilize kwanza. Tangu aingie anakuuliza neno.»

Neno lenyewe lilikuwa hili: «Papa, banasema hii majiwe njo mukuba. Na waya ya umeme nayo ni mukuba. Sasa juu ya nini jiwe iko rangi ya majani, na waya iko nyekundu?»

Wasomaji wangu, nimesoma Shule ya Biblia, ninaweza kuhubiri saa nzima bila karatasi. Lakini jibu la swali hilo sikulijua. Nikasema: «Ni Mungu njo aliumba vile.» Ni kweli, lakini nilisema hivyo kwa kufunga mulango. Mutoto akanyamaza kidogo, kisha akajibu: «Basi nitauliza bakubwa kule karieri.»

Neno lile lilinichoma. Mutoto hakwenda karieri kutafuta pesa tu. Alikwenda kutafuta pia mutu wa kumujibu. Na kama sisi baba, mama, walimu na wachungaji hatujibu, karieri itajibu kwa namna yake.

JIBU LA MUZEE

Kesho yake nyuma ya ibada nilimuendea muzee mmoja wa kanisa letu aliye katika pansio. Alifanya kazi miaka mingi katika laboratuari ya kiwanda. Hakunicheka. Aliniuliza: «Pasta, chuma kikikaa kwenye mvua kinafanya nini?» Nikajibu: kinashika kutu. «Na kutu ina rangi ya chuma?» Hapana, ni nyekundu-nyekundu, na chuma si hivyo. Akasema: «Vizuri. Mukuba nao ni vilevile. Lile jiwe la rangi ya majani ni mukuba ulioshikana na vitu vya hewa na maji. Wenye elimu wanaliita malakiti. Ukiondoa vile vilivyoshikana nao, mukuba unarudi na rangi yake nyekundu.»

Ndipo nilifahamu kazi ya wazee wetu wa zamani. Mbele Wazungu hawajafika, Wasanga na Wayeke walikuwa wakiyeyusha malakiti katika tanuru za udongo wa kichuguu. Walitia makala, wakavuvia moto kwa mivukuto ya ngozi, na mukuba ukashuka. Walitengeneza nao misalaba midogo iliyotumika kama mali. Misalaba mitatu ya namna hiyo ilichorwa kwenye bendera ya Katanga katika mwaka 1960. Ile kampani kubwa ya Union Minière ilianzishwa katika mwaka 1906, na tanuru yake ya Lubumbashi ilitoa mukuba wa kwanza katika 1911. Lakini akili ya kutoa mukuba katika jiwe ilikuwa hapa mbele yake. Waambieni watoto wenu neno hili. Ni vizuri wajue kama ujuzi si kitu cha wageni tu.

KAZI YA KWANZA: MUSUMARI MWEKUNDU

Muzee alitufundisha kazi hii, nasi tuliifanya uwanjani, mutoto na mimi. Munaweza kuifanya posho moja na siku ya mungu inayofuata.

Mutafute: kipande cha waya wa mukuba kisichotumika tena, ndimu 4, kijiko kidogo 1 cha chumvi, chupa ya kioo yenye mudomo mupana ambayo hamutaiweka chakula tena, na musumari mupya wa chuma. Musitwae musumari wa mabati, kwa sababu umepakwa madini mengine juu yake. Na waya, munanielewa: muulize fundi akupatie kipande cha kutupa. Tusisikie kama mutoto wa kanisa alikata waya ya nguzo juu ya masomo ya Pasta!

1. Mzazi avue nailo yote ya waya kwa kisu. Musiichome, moshi wake ni mubaya kwa mapafu.

2. Mzazi ashike waya kwa pensi, auweke ndani ya makala ya moto ya mbabula mupaka uwe mweusi, kisha auache upoe. Weusi ule ni mukuba ulioshikana na hewa, ndugu wa lile jiwe la rangi ya majani.

3. Mutoto akamue ndimu ndani ya chupa, atie chumvi, akoroge. Aweke waya humo, usiku muzima.

4. Asubuhi mutazame. Weusi umetoka kwenye waya, na maji ya ndimu yameanza kuwa na rangi ya majani au ya samawi. Mukuba umeingia ndani ya maji! Mutoe waya.

5. Sugueni musumari kwa muchanga mupaka ung'ae. Mutie nusu yake ndani ya maji yale, nusu ibaki inje. Mungoje saa moja au mbili. Kama ni bado, muache mupaka kesho yake.

Ile nusu iliyo ndani itakuwa nyekundu. Siwezi kuwaeleza namna kijana wangu alivyoruka. «Papa, mukuba imepanda ku musumari!» Kama kwenu haikuwa nyekundu, musikate tamaa. Mara mingi ni kwa sababu waya haukukaa moto vya kutosha. Mujaribu tena.

Jambo gani limefanyika? Ukali wa ndimu ulitwaa mukuba kutoka katika waya. Kisha chuma kikaingia kidogo-kidogo ndani ya maji, na mukuba ukatoka na kukaa pahali pake. Hakuna kilichopotea, vimebadilishana kiti tu. Na viwanda vyetu vinafanya kazi ya jamaa moja na hii. Katika Shituru, kule Likasi, tangu 1929, jiwe linasagwa, mukuba unatolewa kwa asidi kali, kisha nguvu ya umeme inauvuta ushikane na mabamba. Mutoto aliyefanya kazi ya ndimu akipita karibu na kiwanda, hataona moshi na kuta tu. Atajua kinachofanyika ndani.

Mukimaliza, mwageni maji yale katika shimo mbali na bustani. Asiyanywe mutu yeyote. Kila mumoja anawe mikono.

KAZI YA PILI: MAJI YANAYODANGANYA MACHO

Kazi hii ni nyepesi kupita ya kwanza, lakini kwetu sisi tunaokaa karibu na karieri ina maana kubwa zaidi.

Twaeni maji yenye udongo, muyapitishe katika kitambaa kilichowekwa muchanga safi juu yake. Yatatoka karibu meupe. Mutoto atasema: «Sasa ni mazuri.» Musimukatalie bado, na maji yale musiyaonje. Twaeni kopo ingine ya maji safi ya kunywa, mutie chumvi kijiko 1, mukoroge mupaka isionekane tena. Muyapitishe katika kitambaa safi. Muyachemushe. Yakipoa, mutoto aonje.

Bado ni ya chumvi! Kitambaa hakikuizuia, moto haukuifukuza, na macho hayaioni.

Hapo mumwambie: madini yaliyoyeyuka katika mto yanafanya kama chumvi ile, na mengine hayana hata ladha ya kukuonya. Kuchemusha maji kunaua vijidudu vya magonjwa, na tuendelee kuchemusha kila siku. Lakini kuchemusha hakuondoi madini. Kwa hiyo maji ya kunywa tusiteke chini ya pahali wanaposafisha majiwe, hata yakiwa meupe kama kioo. Mama mumoja aliniambia: «Pasta, nimelisikia neno hili katika mikutano mingi, lakini ni leo chumvi imenifundisha.»

MAJIWE YABAKI INJE

Munaweza kuuliza juu ya nini hatukutumia yale majiwe ya mutoto. Ni kwa sababu vumbi yake si muchezo, na majiwe ya inchi yetu hayafanani yote. Mengine yana uranium ndani yake. Wengi wanajua jina la Shinkolobwe, karibu na Likasi, ambako ilitoka uranium ya bomu za 1945. Jiwe la namna hiyo linatoa miali isiyoonekana. Mutoto hawezi kulitofautisha, hata mimi siwezi. Tusiyasage nyumbani, tusiyaweke jikoni wala chini ya kitanda. Tuliyarudisha yote alikoyatoa, na mama akafua ile suruali peke yake.

NENO KWA WAZAZI

Ninajua kuna jamaa zitasoma ukurasa huu na kusema: Pasta, musumari mwekundu haupiki bukari. Ni kweli. Mama anayetuma mutoto mtoni kwa sababu chungu ni tupu, sitamuhukumu katika karatasi hii. Kanisa limusaidie kwanza. Lakini tukumbuke kama sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumutia mutoto katika kazi za hatari, na kama tangu 2019 serikali imeanza kuondoa minervali katika shule zake za msingi. Mulango umefunguka kidogo. Tusiufunge sisi wenyewe kwa kumwambia mutoto «Nyamaza!» kila akiuliza.

Someni Ayubu sura ya 28. Inasimulia watu wanaoshuka gizani kutafuta madini, na namna mukuba unavyoyeyushwa kutoka katika jiwe. Halafu inauliza hekima inapatikana wapi, maana haikuonekana katika shimo lile. Mwisho wake inatuelekeza kwa Mungu. Ni sura iliyoandikwa kama kwa ajili yetu watu wa karieri. Wazee nao walisema kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu, mimi niliyefunga mulango.

Posho iliyofuata, watoto 3 wa majirani walikuja uwanjani kwetu, kila mumoja na chupa yake na ndimu zake. Muzee wa pansio alikaa kwenye kiti akiwaelekeza. Walikuwa wanapaswa kuwa 4. Wa ine hakuja, alikuwa kule mtoni. Kijana wangu alisugua misumari yote, kisha akaweka mumoja pembeni. Nikamuuliza ni wa nani. Akasema: «Ni wa mwenzetu, papa. Akikuja, atakuta yake iko.»

Musumari ule uko bado dirishani. Nilikwenda kuongea na baba yake mara mbili, na nitarudi. Ninyi nanyi, kila kanisa lina muzee mumoja wa kiwanda anayekaa tu chini ya mwembe. Mumuombe saa moja ya posho nyuma ya koro ya watoto. Ndimu na chumvi hazikosekani.

SWALI LA MWEZI kwa watoto wa kalasi ya 4 mupaka ya 6: mukipaka musumari rangi ya mulango mbele ya kuutia ndani ya maji ya ndimu, utageuka mwekundu au hapana? Juu ya nini? Musitafute katika kitabu, mujaribu kwa mikono yenu, kisha mutuandikie. Jibu litatoka mwezi ujao.

Bwana abariki nyumba zenu, na awape uvumilivu kwa maswali ya watoto.