Kopo la Bolti Kuukuu

Katika nyumba nyingi za zamani pana kopo moja ambalo hakuna anayelitaka na hakuna anayethubutu kulitupa. La kwetu ni kopo la maziwa ya unga lililojaa bolti, nati na washa, nalo limekaa nyuma ya mlango wa stoo tangu marehemu baba alipokuwa hai. Mwaka jana tulipoisafisha stoo, mimi ndiye niliyeamuru litolewe nje pamoja na magunia yaliyooza. Mama alilirudisha mahali pake bila ya kusema neno. Leo nakiri mbele yenu kwamba mama ndiye aliyeona mbali.

Baba alituachia pikipiki aina ya BSA Bantam, yenye injini ya sisi 125. Mtoto wa kaka yangu, kijana mwenye mikono myepesi na subira haba, alinuia kuifufua. Alipoifungua breki ya nyuma alikuta bolti moja imeliwa na kutu. Akaenda dukani, akakadiria kwa macho, akarudi na bolti ya milimita 6 inayong'aa. Ikaingia. "Shangazi, imekaza," akaniambia, uso umemnawiri. Siku ya tatu, akiteremka mtaani, alikanyaga breki na pedali ikazama hadi chini pasipo upinzani wowote. Alisimamishwa na ukuta. Namshukuru Mola kwamba kilichochubuka ni kiwiko tu, maana njia hiyo ndiyo wanayopita watoto wakitoka chuoni.

Tulimwita fundi wa makamo aliyezoea pikipiki za enzi hizo. Alizilaza bolti mbili ubavu kwa ubavu juu ya kiganja, ya zamani na mpya, akaziinua kwenye mwanga. "Bi mkubwa," akasema, "hawa si ndugu. Ni majirani waliofanana sura."

Maelezo yake yalikuwa haya. Bolti ya asili ilikuwa ya robo inchi, yaani milimita 6.35, na meno yake ni 26 katika kila inchi. Ukigawanya, nafasi ya jino hadi jino ni pungufu kidogo ya milimita 1. Bolti ya dukani ni ya milimita 6 kamili, na nafasi ya meno yake ni milimita 1. Nafasi hizo zinakaribiana mno, ndiyo sababu ilikubali kuzunguka. Lakini kwa kuwa ni nyembamba kuliko shimo, meno yalishikana kwa ncha tu. Mkono wa fundi huona imekaza, kumbe imening'inia. Breki ilipovutwa kwa nguvu, ikachomoka na kuyakomba meno ya shimo.

Kinyume chake ni pale bolti inapoingia mizunguko miwili kisha ikawa ngumu. Hapo wengi huchukua spana ndefu na kuilazimisha, nao huharibu shimo mara moja. Bolti iliyo sawa huingia kwa vidole karibu safari yake yote. Spana ni ya kumalizia.

Nilimuuliza kwa nini Waingereza walijitia taabu hii. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha meno, chenye pembe ya digrii 55, ili kila karakana isijichongee yake. Baadaye watengenezaji wa baiskeli wakaweka chao, chenye meno membamba na pembe ya digrii 60, na pikipiki zikakirithi. Kwa hiyo katika pikipiki moja ya Kiingereza waweza kukuta aina mbili au tatu. Hata spana za Whitworth huandikwa unene wa bolti badala ya upana wa kichwa. Kichwa cha bolti yetu kina upana wa milimita 11.3 hivi: spana ya 11 haiingii, ya 12 inacheza na kuzila kona.

La ajabu ni kuwa Bantam, iliyotoka mwaka 1948, ilinakiliwa kutoka kwa DKW RT125 ya Ujerumani. Yamaha nao waliifuata pikipiki hiyohiyo walipotoa yao ya kwanza, YA-1, mwaka 1955. Mjerumani na Mjapani wakabaki na milimita. Birmingham wakaigeuza kuwa inchi.

Msidhani wenye pikipiki za Kijapani wamesalimika. Bolti ya milimita 10 inayouzwa kwa kawaida madukani ina nafasi ya 1.5, ilhali pikipiki za Kijapani hutumia 1.25. Unene ni ule ule, meno hayapatani.

Fundi alitahadharisha pia juu ya chuma kisichoshika kutu, ambacho sisi watu wa pwani hukikimbilia kwa sababu ya hewa ya chumvi. Kinapofungwa ndani ya alumini, chumvi na unyevu huifanya alumini ndiyo iliwe, hata bolti ikagoma kutoka. Kitiwe grisi kwanza. Tena uzuri wake si nguvu: kwenye breki na ekseli yeye hutafuta bolti za chuma zilizopigwa chapa 8.8 kichwani, na isiyo na chapa yoyote huiweka pembeni.

Shimo letu lilitobolewa likawa pana, likatiwa kijibomba cha chuma chenye meno ya asili ndani yake. Na bolti? Mama alilimimina kopo juu ya mkeka bila ya kunitazama. Zilitoka tatu za kipimo kile kile, zimepakwa grisi na kufungwa kwa uzi. Baba alikuwa amezihifadhi.

Sasa kijana huenda dukani na bolti kuukuu mfukoni, hata iwe imekatika, na huijaribu kwa nati kabla ya kulipa. Mama ameshona vifuko vinne vya kitambaa, vya inchi na vya milimita mbalimbali. Bado haijapatikana bolti moja ya tangi. Mkereza vyuma ameahidi kuichonga Jumamosi, naye ameomba apelekewe ile ya zamani.