Mangi Mkuu hakuangushwa na kura ya 1960

Na Melkiori Mosha

Likitajwa jina la Mangi Mkuu wa Wachagga, Thomas Marealle, kwenye mbege za Jumapili hapa Uru, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye utani wa Machame na Marangu. Solomon Eliufoo wa Machame, tunaambiwa, hakutaka kutawaliwa na mtu wa Marangu, ndiyo maana akamng'oa. Hadithi tamu, ila haisemi kwa nini Uru, isiyo Machame wala Marangu, nayo ilijali.

Mimi chanzo nakiona kwenye kahawa. Mwaka 1925 wakulima wakiongozwa na Joseph Merinyo waliunda chama chao, KNPA, na mamangi wengi, yaani machifu, hawakukifurahia. Mangi alikuwa na baraza, mahakama na kauli juu ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Sasa limezuka kundi la watu wenye fedha zao, vikao vyao na makarani wao, bila kumwomba ruhusa. KNPA ikageuzwa chama cha ushirika, KNCU, wakulima wakalazimishwa kuiuzia kahawa yote, na mwaka 1937 hasira zikalipuka, maghala yakashambuliwa. Mamangi walisimama upande wa serikali ya kikoloni. Jambo hilo halikusahaulika.

Mwaka 1946 Waingereza wakaongeza ngazi nyingine: waitori watatu wa Hai, Vunjo na Rombo, juu ya mamangi. Mlipa kodi akauliza, wakubwa wangapi tena? Petro Njau na wenzake wakadai mkuu mmoja atakayechaguliwa na watu. Marealle akachaguliwa mwaka 1951, akiwashinda waitori wenyewe.

Kumbe waliompigia kura waliona wameajiri mtu, naye akaona amekalia kiti cha maisha. Muda wa utawala wake haukuwa umewekwa wazi, na kosa hilo ndilo lililozaa chama cha Eliufoo na kura ya maoni ya 1960. Wapiga kura wakataka rais wa kuchaguliwa; Eliufoo akashika nafasi hiyo.

Fedha kuhama kabla mtawala hajaanguka si jambo la Uchaggani tu. Mfalme Charles I wa Uingereza alitawala miaka 11 bila bunge, 1629 hadi 1640, akitoza kodi ya merikebu hata kwa watu wa mikoa isiyo na bahari. Wengi hulaumu ukaidi wake, na kweli alikuwa mkaidi. Lakini utajiri wa ardhi na biashara ulikuwa umekwisha kuhamia kwa watu waliokaa bungeni. Vita vikaanza 1642, na mwaka 1649 akakatwa kichwa.

Kwetu hakuna aliyekatwa kichwa. Wengine husema Wachagga ni waungwana. Labda, ila aliyewahi kugombania mpaka wa kihamba atacheka. Sababu ni kwamba Mangi Mkuu hakuwa na jeshi. Tangu Wajerumani wamnyonge Mangi Meli mwaka 1900, bunduki zilikuwa za serikali. Buganda, ufalme wa Kabaka ndani ya Uganda, ilikuwa tofauti. Huko ugomvi wa Mengo, makao ya Kabaka, na serikali kuu ulibeba mkataba wa 1900, ardhi ya mailo na kura ya 1964 juu ya kaunti zilizodaiwa na Bunyoro. Mei 1966 Obote, mkuu wa serikali hiyo, akatuma jeshi chini ya Idi Amin, Kabaka Mutesa akakimbilia London.

Anayewafundisha vijana wa Uru habari hizi angeanzia 1925. Akianza na 1960, atabaki na utani wa Machame na Marangu tu, na huo wanaujua tayari.