Alizeti: Mbegu ziko Kitale, mafuta yanatoka ng'ambo

Unakumbuka 2022? Februari, Urusi ilivamia Ukraine, na nchi hizo mbili ndizo vinara wa alizeti duniani. Aprili, Indonesia nayo ikasitisha kwa wiki kadhaa kuuza nje mafuta ya mawese. Huku kwetu bei ya mafuta ya kupikia ikapaa, na chapati kibandani ikawa ndogo.

Ajabu ni kwamba Kenya Seed, iliyoanzishwa hapa Kitale mwaka 1956, huuza mbegu za alizeti. Zao lenyewe halisumbui sana. Hukomaa kwa takriban miezi minne, ilhali mahindi ya Trans Nzoia hukaa shambani sita hivi. Mizizi yake huzama chini kutafuta maji, hivyo hustahimili kiangazi. Mbegu ikikamuliwa unapata mafuta, na mashudu yanalisha ng'ombe na kuku.

Basi mbona wakulima wengi hawajaikumbatia? Soko. Mahindi yasipouzwa, yanaliwa nyumbani. Gunia la alizeti bila mashine ya kukamua, utalipeleka wapi?

Ndiyo maana kugawa mbegu za bure pekee hakutoshi. Singida, Tanzania, alizeti imeshika kwa sababu mashine za kukamua ziko karibu na mkulima. Bungoma na Kitale zinahitaji hivyo hivyo. Na hapo kijana asiye na shamba ana nafasi: kukamua, kufungasha, kuuza mashudu. Kaunti ikitaka kutusaidia, ianzie hapo.